Mama mkwe anataka tena yale maharage

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Naomba jina langu usilitaje, maana wifi zangu wanasoma safu hii.

Kwa miaka sita nimekuwa mpishi wa familia moja ya wageni kule Capri Point. Mwanzoni mwa mwezi huu mkataba wao uliisha wakarudi kwao. Siku ya kufunga nyumba, mama mwenye nyumba alifungua friza akaniambia nigawane na mlinzi chochote kilichomo. Mlinzi ni Mwislamu, kwa hiyo bekoni yote ikaniangukia mimi: pakiti 16 za gramu 250, yaani kilo nne. Kwa msomaji asiyeijua, bekoni ni nyama ya nguruwe, mara nyingi ya tumbo au ya mgongo, iliyotiwa chumvi, ikapitishwa kwenye moshi na kukatwa vipande vyembamba. Kwa bei yake ya dukani, hata nilipokuwa na mshahara sikuwahi kuinunua, sembuse sasa. Niliizungushia magazeti, nikaipanga kwenye ndoo, nikapanda nayo daladala nikijihesabia kuwa nimepata mboga ya miezi miwili.

Sasa nikueleze nyumba yangu. Mume wangu alizaliwa na kulelewa Msabato, Majita. Tulipotaka kufunga ndoa alihamia kwetu, Katoliki. Mama yake alilia sana. Misa ilikuwa Jumamosi, hakuja. Alifika ukumbini jua lilipokwisha kuzama, akanishika mkono, akakaa nyuma. Tangu siku ile nimejitahidi, na yeye pia amejitahidi. Wasabato hawali nguruwe, wala samaki asiye na magamba, kwa hiyo akija kwetu sipiki kambare, nampikia sato. Hakuniagiza, nilijua tu, na hajawahi kuniuliza kwa nini kambare haonekani mezani.

Ana wiki tatu kwetu sasa. Amekuja kliniki ya presha, Bugando.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika tangu asubuhi. Jioni nikakuta pakiti mbili za juu zimeanza kulegea. Nikazikatakata, nikazikaanga, nikaungia maharage. Ya mama niliyachota kabla sijaunga, nikayaweka kwenye kisufuria kidogo pembeni. Mwanangu mkubwa wa miaka minane alikuwa pale jikoni akinishikia tochi. Nikatoka kwenda kumwogesha mdogo wake. Huku nyuma mama akarudi, amechoka na foleni ya kutwa nzima, ana njaa, nyumba giza. Akaingia jikoni na mwanga wa simu, akajipakulia mwenyewe. Kutoka sufuria kubwa.

Nilimkuta mezani sahani imebaki robo. Akaniangalia akasema, "Mkwe wangu, maharage ya leo umeyaweka nini? Yananukia kama jikoni kwa marehemu mama yangu."

Nikasema, "Karanga, mama."

Akaongeza sahani ya pili.

Usiku nilimwambia mume wangu. Akasema, "Nyamaza. Asilolijua halimsumbui. Ukimwambia, kwa presha ile, utamuua." Nimenyamaza, lakini kila nikimpelekea chai asubuhi mkono unakuwa mzito.

Jumapili hii shemeji zangu wawili na wake zao wanakuja kula chakula cha usiku, kwa sababu mama anarudi kwao Jumatatu. Nilimsikia akiongea nao kwenye simu: "Njooni mle maharage ya mke wa ndugu yenu, hamjawahi kula maharage kama yale." Mume wangu naye anataka siku hiyohiyo niitoe bekoni iliyobaki, niikaange yote, iwekwe mezani tumalizane nayo. Anasema mdogo wake mmoja anakula kitimoto huko baa kila wikiendi, kwa hiyo hakuna wa kushangaa.

Zimebaki pakiti 14, kilo tatu na nusu. Umeme hautabiriki. Kutupa siwezi, Shangazi, nikikumbuka ada ya shule. Nimefikiria kuwauzia wenye baa ya kitimoto jirani na kituo. Mafuta yaliyotoka siku ile nimeyahifadhi kwenye chupa ya kahawa, yameganda meupe mazuri, nayo sijui niyafanyie nini. Na kuna mtoto wa jirani yangu Mwislamu aliyezoea kuingia kwangu na kula na wanangu. Sasa namrudisha mlangoni kwa visingizio, mama yake ameanza kuninunia.

Nipike nini Jumapili? Nyama hii niimalizeje bila kuitupa? Na mama nimwambie, au ninyamaze kama mume wangu anavyotaka?

Mpishi, Buhongwa

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama palepale pa sahani ya pili. Umeniuliza maswali matatu, nami nayaona yamekaa kwenye sufuria moja: nyama inayoweza kuharibika, karamu ya Jumapili, na neno "karanga". Mawili ya kwanza yataisha hata yakiachwa yajiishie. Hilo la tatu linaweza kubaki nawe wakati friza imeshakuwa tupu. Hata hivyo niruhusu nianze na nyama, kwa sababu joto la Mwanza halingoji watu wamalize mazungumzo.

Bekoni inawachanganya wengi wetu tuliokulia ziwani. Tunajua samaki wa kubanika: sangara anakaa juu ya moshi mpaka maji yanamtoka, anakuwa mkavu, anasafiri kutoka Ukerewe bila barafu na anafika salama. Basi tukisikia bekoni imepita kwenye moshi, tunadhani nayo inavumilia hivyohivyo. Haivumilii. Moshi wake ni wa kuleta harufu na ladha, unyevu bado umo ndani. Kinachoilinda kidogo ni chumvi, pamoja na naitraiti ya sodiamu, chumvi ya kiwandani inayoifanya ibaki na ile rangi ya waridi na kuzuia baadhi ya vijidudu hatari. Lakini inahitaji ubaridi. Pakiti ikishafunguliwa, ndani ya friji ihesabie siku saba. Kwenye friza yenye barafu kweli inabaki salama muda mrefu, ila baada ya mwezi hivi ladha huanza kushuka, kwa sababu chumvi huharakisha mafuta kuchacha hata yakiwa yameganda.

Umeme ukikatika, usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa hutunza ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, na friji ya kawaida saa nne tu. Kwa hiyo ijaze: chupa za maji, ziache zigande, uzipange kuzizunguka pakiti. Umeme ukirudi, shika nyama. Ukisikia barafu bado imo ndani, iache igande tena. Ukiikuta imelegea lakini bado baridi kama iliyotoka friji, ipike siku hiyohiyo. Ukiikuta imelegea na imepata joto la jikoni kwa zaidi ya saa mbili, hapo usiipike, hata kama hainuki na hata kama ada ya shule inakuuma. Wewe ni mpishi, unajua kitanda cha hospitali kina bei gani.

Sasa nikuulize: nani amesema lazima iishe Jumapili? Ni mumeo, na naona ni kwa sababu kila akiiona anakumbuka Jumanne. Kilo tatu na nusu kwa watu wazima saba na watoto ni nyingi mno. Gramu 100 za bekoni mbichi mara nyingi hubeba gramu 2 hadi 3 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima, ukijumlisha na ile iliyo kwenye ugali na kachumbari. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya shirika hilohilo iliiweka nyama ya kusindikwa, bekoni ikiwemo, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Walikadiria kuwa anayekula gramu 50 kila siku huongeza hatari yake ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Sikutishi. Nasema tu kwamba ile hesabu yako ya kwenye daladala, mboga ya miezi miwili, ilikuwa karibu na ukweli kuliko hii ya mumeo. Bekoni ni kiungo zaidi kuliko mboga. Pakiti moja inatosha kuipa familia yako ladha kwa usiku mmoja, tena nusu pakiti wakati mwingine.

Uiungeje? Unajua zaidi yangu jinsi wageni walivyoila na mayai asubuhi. Mimi nikwambie ya kwetu, ya usiku.

Cha kwanza kabichi, kwa sababu ndiyo inayoipokea bekoni vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua. Kata nusu pakiti vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Viweke kwenye kikaango kikiwa baridi, bila tone la mafuta, kisha uwashe moto mdogo. Vitakaa kimya kwanza, halafu utaona mafuta yanaanza kutoka pembeni na kung'aa, kisha sauti ya kukaanga inaanza. Ukikimbilia moto mkali, nje itaungua na mafuta yatabaki ndani. Vikiwa vya dhahabu vitoe, acha mafuta. Kaanga humo kitunguu maji, tia karoti, kisha kabichi uliyoikata nyembamba. Funika dakika tano tu, isilegee ikawa uji. Mwisho rudisha vipande na ukamulie ndimu. Chumvi usiweke kabla ya kuonja, na ukionja utaona haihitajiki. Kwa ugali ni mboga kamili.

Cha pili, kwa kuwa uko Usukumani: nsansa. Yale majani makavu ya kunde, ukiyachemsha na kuyaunga karanga, yana uchungu kidogo unaotafuta mafuta na chumvi. Vipande vitatu au vinne vya bekoni vilivyokaangwa vikavunjwavunjwa juu yake vinatosha sufuria nzima. Ndizi bukoba nazo zinaelewana nayo: menya, chemsha na nyanya na kitunguu, zikikaribia kuiva tia bekoni na pilipili hoho. Wali wa jana uliobaki kwenye hotipoti ukaange na bekoni, kitunguu swaumu na yai moja. Viazi mviringo, tambi, njegere, zote zinakubali. Kama pakiti uliyonayo ina chumvi kali sana, vipitishe vipande kwenye maji yanayochemka dakika mbili, mwaga maji, kausha ndipo ukaange.

Kuwauzia wenye baa nako nimekufikiria. Ni njia, na pesa unaihitaji. Lakini mwenye baa makini atakuuliza nyama imetoka wapi na imekaa kwenye ubaridi gani, na asiye makini hatauliza chochote, na huyo ndiye ninayemwogopa. Mteja akiumwa tumbo, mtaa mzima utakumbuka ilitoka kwako, na wewe unaishi kwa jina lako la upishi. Unaweza badala yake kuwapa pakiti mbili tatu watu unaowafahamu, wanaokula, ukawaeleza hali yake kama ilivyo. Au upike na kuuza chapati ya mayai na bekoni kwa wanaoiagiza kwa jina. Huenda hata ukaona hapo mwanzo wa kazi mpya, sasa ambapo kazi ya zamani imekwisha. Nalitaja kwa sababu katika barua yako hofu ya mshahara imejificha nyuma ya friza, nami nimeiona.

Tuje Jumapili. Mume anataka bekoni yote iwe mezani. Ninamwelewa anakotoka: amechoka kuishi kwa kunong'ona nyumbani kwake mwenyewe. Mngeweza kweli kuiweka kwenye sahani yake, mbali na vyakula vingine, ukasema kwa sauti kwamba hii ni nguruwe, ya wanaokula. Zipo familia zinazokula hivyo kwa amani. Lakini hebu mwulize jambo moja. Huyo mdogo wake anayekula kitimoto baa kila wikiendi, mama anajua? Kama hajui, sahani ile ikifika mezani itamtaka shemeji yako achague mbele ya mama yake, ama ajifanye hali ama ale aonekane. Siri ile ni yake yeye. Kuifungua kwenye meza yako, usiku wa mwisho wa mama kuwa mjini, kunaweza kuwasha moto ambao hamkuutarajia. Na kuna upande wa pili pia: karamu isiyo na bekoni kabisa, sato wawili wakubwa wa kuchoma, ugali, mchicha na maharage, haimnyimi mtu yeyote kitu. Bekoni inaweza kumngoja mumeo hadi Jumanne.

Maharage ndiyo magumu. Mama ameyaomba, amewaalikia watu. Ukiyapika bila ile ladha ataona kuna kilichopungua. Ladha aliyoisifu ni ya moshi, na moshi unao hapa hapa bila nguruwe. Nenda Kirumba Mwaloni, nunua sangara wa kubanika mkavu, mwoshe kwa maji ya moto, mtoe miiba yote, mpondeponde. Kaanga vitunguu taratibu mpaka viwe kahawia kabisa, tia nyanya, tia yule samaki, kisha maharage yaliyoiva na maji yake, na mwisho karanga zilizosagwa kijiko kikubwa kimoja. Acha yachemke polepole mpaka yawe mazito. Sangara ana magamba na mapezi, mama anamla. Huenda jikoni kwa marehemu mama yake ndicho kilichonukia hasa, samaki juu ya kichanja.

Nimekupa njia hiyo kwa moyo wote, lakini nikiwa mkweli nawe inanitia wasiwasi kidogo. Yakitoka matamu, watu watasifu, mama atafurahi, na lile neno lako la Jumanne litapata mahali pazuri pa kujificha. Mtu atakuuliza umefanyaje, utasema samaki, na mama atakumbuka ulisema karanga. Ndiyo maana swali la kwanza la kuamua, hata kabla ya kwenda sokoni, ni lile la tatu.

Naomba tuyatenganishe kwanza mambo mawili ambayo naona umeyafunga pamoja. Kula kwa mama kulikuwa ajali. Ulichota ya kwake mapema, ukayaweka pembeni, ukakusudia vizuri. Giza, uchovu na njaa ndivyo vilivyompeleka sufuria kubwa. Katika hilo sioni hila yoyote. Ulichokifanya kwa kujua ni neno moja, ulilolitoa kwa hofu, mtu akiwa na kijiko mkononi. Mkono wako unaokuwa mzito asubuhi, unaelemewa na kipi kati ya hivyo viwili? Jibu lake huenda likakuonyesha ni nini hasa unachotaka kumwambia.

Mumeo anasema ukweli utamuua. Presha ni jambo la kweli, silipuuzi, na mama mgonjwa hashtuliwi ovyo. Lakini jiulizeni wote wawili, je, huu ndio woga wenyewe, au ni woga uliovaa koti la presha? Mumeo alimwambia mama yake kwamba anahama kanisa. Naona machozi yale hajayasahau, na huenda hataki kuwa tena mtoto aliyemliza. Kama ni presha kweli, hilo lina dawa yake: subiri wakati ametulia, amekunywa dawa, amekaa, na mtoto wake yuko karibu. Na kuna jambo jingine la presha hiyohiyo. Kliniki watamuuliza anakula nini. Sahani mbili za maharage yenye bekoni ni chumvi nyingi, na yeye anaenda kuyapika kwao akidhani siri ni karanga.

Wewe nawe una dhana yako. Naona unaamini akijua atasema, "Ndiye yuleyule aliyemharibu mwanangu." Inawezekana. Siwezi kukuahidi hatasema. Lakini nimesoma barua yako na kuna kambare ndani yake. Miaka yote hii hujampikia kambare, na hakukuuliza. Unadhani hajaona? Mwanamke wa Majita, aliyekulia ufukweni, akae nyumba ya Mwanza wiki tatu asimwone kambare hata siku moja na asijue kuna mtu anamfikiria? Ameona, mwanangu. Nadhani ndiyo sababu aliingia jikoni mwako usiku ule na kujipakulia bila kuuliza. Hiyo ndiyo inayoufanya ukweli uwe mgumu kuusema, na hiyohiyo ndiyo inayoweza kuufanya usikike.

Ukiamua kusema, wakati unao wa kuchagua. Ijumaa jua likikaribia kuzama anajiandaa na Sabato, na habari kama hii ikimwingilia hapo itaikalia siku yake takatifu nzima. Wengine wangeona heri ajue kabla hajaenda kusali. Jumamosi jioni, Sabato ikishatoka, kuna usiku mzima wa kuzungumza, na kuna hatari akashinda amenuna Jumapili wageni wakiwepo. Jumapili usiku baada ya wageni, atasafiri asubuhi na jeraha bichi, bila nafasi ya kukuona tena ukimpelekea chai. Kumwachia mumeo aseme kuna faida, ni mama yake, na kuna hasara: neno "karanga" lilitoka kinywani mwako.

Maneno yenyewe yawe machache. "Mama, Jumanne ulipakua kwenye sufuria yetu, mlikuwa na nyama ya nguruwe. Yako nilikuwa nimeyatenga. Uliponiuliza niliogopa, nikakudanganya. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usimletee Matendo ya Mitume sura ya 10, na lile shuka la wanyama wa kila aina lililoshuka kutoka mbinguni Petro akaambiwa ale, wala usimfafanulie kwamba asiyejua hana hatia. Hayo atazungumza na mchungaji wake akipenda, na mimi si mchungaji. Anaweza kulia. Anaweza kukataa kula kwako siku zilizobaki, na hilo litauma. Ukimwona anaosha kinywa au anatoka nje kuomba, mwache. Ninyi Wakatoliki mnamsoma pia Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 8, pale anaposema kama chakula kinamkwaza ndugu yake, yeye nyama ataiacha. Unaweza kuisoma peke yako kabla ya kwenda kwake.

Ukiamua kunyamaza, sitakuona mtu mbaya. Wapo wanaonyamaza kwa upendo na kubeba mzigo wao hadi mwisho. Ila upime uzito wake vizuri. Wewe unajua, mumeo anajua, na mtoto wa miaka minane aliyekushikia tochi anajua kwamba kilichokatwa kwenye ubao hakikuwa karanga. Huyo hamjamwomba anyamaze, na mkimwomba mtakuwa mmemfundisha kitu. Watoto huongea mezani, hasa wageni wakiwepo.

Kwa mtoto wa jirani, mlango usiendelee kumfungia. Mwambie mama yake leo: kwangu kuna nguruwe siku hizi, nitakuwa naipika kwenye kikaango chake peke yake na sahani zake, siku ambazo sijaipika mwanao aje kama zamani, na wewe ndiye utakayeniambia kama hilo linakuridhisha. Nadhani uso wake utafunguka ukiwa bado umesimama mlangoni. Kumbuka anadhani umemkataa mwanawe.

Na ile chupa ya kahawa. Mafuta yake ni mazuri kweli, kijiko kimoja kinatosha kukaangia viazi au mchicha wa mumeo, na ndani ya friji yanakaa wiki kadhaa. Lakini ni meupe, yameganda, hayana jina, na mama huingia jikoni kwako umeme ukiwa umekatika. Kabla hujalala leo yatoe kwenye rafu, yafunge, bandika karatasi uandike "nguruwe" kwa herufi kubwa, uyaweke nyuma kabisa ya friji. Kama mama akiiona karatasi hiyo kabla hujaongea naye, basi mazungumzo yatakuwa yameanza, nawe utakuwa pale.